Mchana Mmoja Katika Kanisa la Mtakatifu Martin

Kanisa hili, lililokamilika mwaka 1726, liko kando ya uwanja wa Trafalgar jijini London. Tulipolitembelea, tuliwakuta vijana watatu wakipiga piano, fidla na selo. Hatukudaiwa kiingilio, kila mtu alitoa alichojaliwa.

Ng'ambo ya barabara kuna Jumba la Picha la Taifa. Vita vilipoanza mwaka 1939 picha zilihamishwa, na mpiga piano Myra Hess akaanzisha humo maonyesho ya muziki ya mchana, kiingilio shilingi moja. Yaliendelea hadi mwaka 1946, na chipukizi walipewa nafasi pamoja na mabingwa.

Siku ile msichana wa fidla alianza mikono ikitetemeka. Watu walitulia, wakamsubiri. Kufikia kipande cha pili, uso wake ulikuwa umekunjuka.

Akina mama wapendwa, chuo humfundisha kijana kupiga chombo, lakini ujasiri huupata mbele ya watu. Makanisani mwetu wamo vijana wanaojifunza kinanda, nasi huwaachia kazi ya kupanga viti tu. Tuwape wimbo mmoja Jumapili, kisha tukae tuwasikilize hadi mwisho. Talanta iliyofukiwa haizai.