Siku Ngapi Mlimani?

Wengi wetu akina mama tunaujua Mlima Kilimanjaro kwa kuuchungulia dirishani. Basi linapita Himo, mtoto anataka maji, wingu linafunguka kidogo, mtu anasema "Kibo ile!", na ukigeuka wingu limekwisha kujifunga. Mimi nimeolewa Marangu, na kwa miaka kumi na saba niliuona hivyo hivyo, kila Krismasi tulipotoka Tanga kwenda kwa mama mkwe. Siku moja tukila mtori uani, baba watoto akasema, "Watu wanatoka Ujerumani kuja kuupanda mlima huu, sisi tunakaa chini yake tunakula ndizi." Tukaanza kuweka akiba.

Kwa sheria ya hifadhi hakuna anayepanda peke yake. Ni lazima uwe na kiongozi mwenye leseni na ujiandikishe langoni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua kampuni, na Moshi mjini ofisi zake ni nyingi. Ile tuliyoingia sisi ilitupa njia ya Marangu, ambayo ndiyo pekee yenye vibanda vya kulala badala ya mahema. Tungeweza kwenda kwa siku tano au sita. Nikauliza siku ya sita ni ya nini.

"Hiyo ni ya kulala tu pale Horombo, mama," kijana wa ofisini akanijibu. "Ya nini kulipia usingizi?"

Msomaji mpendwa, mfuko wa nyumba yetu ninaushika mimi. Ada za hifadhi hulipwa kwa kila mtu kwa kila siku, na ingawa sisi wananchi tunatozwa kidogo sana tukilinganishwa na wageni, niliona siku hiyo ni hasara. Karo za muhula zilikuwa zinakuja. Nikasema siku tano zinatutosha. Baba watoto hakubisha.

Tuliwaacha watoto kwa bibi yao na kuingia msituni. Siku ya kwanza ilikuwa ya raha tupu: miti iliyovaa kuvu kama ndevu za wazee, mbega wakiruka juu, na pembeni mwa njia kile kiua chekundu chenye manjano, kilichopinda kama mkonga wa tembo, ambacho hakioti mahali pengine duniani ila mlima huu. Tukalala Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari. Siku ya pili msitu ukaisha, vichaka vikawa vifupi, tukalala Horombo, mita 3,720. Siku ya tatu tukavuka lile jangwa lililo kati ya Mawenzi na Kibo, lisilo na mti wala ndege, hadi kibanda cha Kibo, mita 4,720.

Mbele yangu siku hiyo alitembea kijana aliyebeba begi letu kichwani. Wapagazi wa mlimani huitwa wagumu, na ugumu wenyewe niliuona: raba zimetoboka, koti jepesi la mtumba, upepo unakata. Umri wake haukumpita sana mtoto wetu wa kwanza. Nikamwuliza kama amekula. Akacheka tu, akasema, "Twende, mama."

Usiku ndio watu huanza kupanda kutoka Kibo, ili wafike juu kunapopambazuka. Tulipoamshwa, baba watoto alikuwa ametapika. Kumbe kichwa kilimwuma tangu mchana, akaficha ili asiniharibie safari. (Waume zetu!) Nikamwambia afunge viatu. Akashika kamba mkononi akaziangalia kama kitu ambacho hajawahi kukiona. Aliposimama aliyumba kama mlevi, na huyu ni mtu asiyejua hata ladha ya mbege. Kiongozi wetu akamwambia atembee kwa mstari ulionyooka, hatua chache tu. Hakuweza.

"Tunashuka, mama. Sasa hivi."

Sitamsahau kijana yule kwa kutongoja kukuche. Ubongo ukianza kuvimba kwa ajili ya uhaba wa hewa, kushuka ndiyo tiba, na saa chache zinaweza kuwa tofauti ya kuishi na kufa. Tulishuka gizani kwa tochi, mgonjwa ameshikwa huku na huku. Asubuhi, Horombo, aliomba chai, kisha akauliza tuko wapi. Nikaenda nyuma ya kibanda nikalia peke yangu. Nilikuwa nawaza nitawaambia nini watoto, kwamba mama yenu alibana pesa ya siku moja?

Baadaye nilipiga hesabu ambayo ningeipiga kabla. Wataalamu wa magonjwa ya milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000 usiinue mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Sisi tuliongeza mita 1,000 kila usiku. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi hukupa karibu nusu tu ya oksijeni unayovuta hapa Tanga, na mwili hujizoesha kwa siku, hauwezi kuharakishwa. Nguvu hazisaidii, vijana wa mpira hurudishwa na mabibi wakapita. Ile siku "ya kulala" Horombo huwa si ya kulala hata kidogo: watu hupanda hadi kwenye miamba yenye mistari kama pundamilia, wakarudi kulala chini, na damu ikapata somo lake.

Miaka mitatu ilipita kabla hatujathubutu kusema neno mlima tena. Safari hii tulianzia kwa daktari, aliyetupima damu na presha na kutueleza vidonge vinavyosaidia mwili kuzoea. Mama mwenye mimba, au mwenye upungufu wa damu, asiende, mlima utamngoja. Tukachagua mwezi wa Septemba, kiangazi, tukapishana na mvua za masika na za vuli. Halafu nikaanza kuzunguka ofisi za Moshi, na sasa mimi ndiye niliyeuliza maswali.

Niliuliza usiku kwa usiku tunalala mita ngapi. Ofisi moja ilinipa njia ya Machame kwa siku sita, nikaona wameruka kambi ya Karanga, nikaaga. Niliuliza viongozi ni wangapi, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa mmoja, na mmoja wetu akiugua wote tunarudi. Niliuliza kama wana kile kifaa cha kubana kidole kinachoonyesha oksijeni ya damu, nao wakanionyesha. Mwisho nikauliza wagumu wanalala wapi, wanakula mara ngapi, na nani anawapa koti. Mwenye ofisi mmoja alikasirika, akasema hayo hayanihusu. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote, nami nikaelewa ilikatwa wapi.

Tuliyemchagua alikuwa ghali kidogo. Siku saba, Machame. Langoni mizigo ilipimwa kwenye mizani, mgumu asizidishe kilo 20. Siku ya tatu tulipanda hadi mwamba wa Lava Tower, zaidi ya mita 4,600, kichwa kikaanza kugonga, kisha tukashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000, kikanyamaza. Kila jioni kidole kilibanwa, na baba watoto aliulizwa kama kichwa kinauma mbele yangu, ili asidanganye.

Usiku wa kilele tulitoka kambi ya Barafu pamoja. Kulipopambazuka tulikuwa Stella Point, ukingoni mwa kreta, naye akakaa juu ya jiwe akasema miguu imekwisha. Kichwa kilikuwa kizima, maneno yake yamenyooka. Alikuwa amechoka tu. Nikasema basi turudi.

"Wewe nenda," akasema. "Si tumelipia viongozi wawili?"

Akashuka na mmoja, nami nikaendelea na mwingine, polepole, karibu saa nzima, barafu ikiwa kushoto kwangu kama ukuta wa nyumba. Nilisimama Uhuru dakika chache, kwa sababu baridi haikuruhusu zaidi. Nilipofika Barafu nilimkuta ameketi mlangoni pa hema na kikombe cha uji, amefunga viatu vyake, anawauliza wagumu habari za kwao.