Kichupa cha unga mweupe na mushipa wa mugonjwa wako

Hapa Kolwezi, mutu akitoka hospitali na kusema "walinitia serumu", jamaa yote inatulia. Akisema "walinipatia vidonge tu", watu wanaangaliana, ni kama hakutunzwa. Wasikilizaji wa emisio yetu ya afya wako vile vile. Wanaheshimu dawa ya mu mushipa kupita dawa ingine yote, lakini maulizo juu yake ni kidogo sana. Nani aliitengeneza? Na maji gani? Iliingia kwa dakika ngapi? Mugonjwa analala, anatoa mukono, anageuza uso kwenye ukuta. Mwenye kumulinda anaangalia matone yakianguka na anaomba Mungu.

Leo ninataka kusema juu ya dawa moja ya namna hiyo, seftriaksoni. Mutaitambua: kichupa kidogo cha kioo, ndani unga mweupe ao wa manjano kidogo, juu kifuniko cha mupira. Kwenye karto wameandika Ceftriaxone, na mara mingi 1 g. Katika Dilala na katika Manika, sijaingia bado kwenye farmasi yenye haina. Ni antibiotiki yenye nguvu, madaktari wanaitumia kwa tifoide kali, kwa menenjite, kwa mapafu yaliyoshikwa vibaya, kwa mikrobe iliyoingia mu damu. Mimi si munganga. Nilisoma sekondari na kozi ya uandishi wa habari, basi. Mambo haya nimeyapata katika vitabu vya mwongozo ambavyo waganga wenyewe wanatumia, kama kile cha Médecins Sans Frontières, na kwa kuuliza wauguzi siku zote 10 nilizokuwa mulinzi wa mugonjwa.

Mugonjwa alikuwa mudogo wangu. Ilikuwa wakati wa mvua, tuliwaza ni malaria, lakini teste ya malaria ilisema hapana na homa ikaendelea kupanda. Alipofika hospitali tumbo lilikuwa limevimba na alikuwa anasema maneno yasiyo na mwisho. Daktari akasema tifoide. Mwenye anajua tifoide anajua kama matumbo yanaweza kutoboka, na kisha hapo ni kisu tu, kama hauchelewe. Akaandika ordonansi, nikaenda kununua. Sawa mahali pengi mu inchi yetu, dawa inatoka mu mufuko wa jamaa, na jamaa ndiyo inaileta mu mikono ya muuguzi. Kwa hiyo sisi tuko ndani ya kazi hii, tupende tusipende.

Farmasi walinipatia karto yenye vitu viwili: kichupa cha unga na ampuli ndogo ya maji. Nikafurahi, nikawaza kila kitu kimetimia. Muuguzi wa usiku, mama mumoja wa makamo, akachukua ile ampuli, akaisoma kwenye mwangaza wa telefone kwa sababu umeme ulikuwa umekatika, akaiweka pembeni. "Papa, hii ni lidokaini. Hii ni ya matako. Ukiiweka mu mushipa inaweza kusimamisha moyo. Uende ulete maji ya sindano."

Ninaomba musome tena ile sentensi ya yule mama. Seftriaksoni inaweza kuingia kwa njia mbili. Kama ni sindano ya mu nyama, kwenye paja ao kwenye tako, inauma sana, ndiyo sababu wanachanganya unga na lidokaini, dawa ya kufisha maumivu. Lakini lidokaini ile haipaswe hata siku moja kuingia mu mushipa pamoja na seftriaksoni: inaweza kuvuruga moyo na ubongo, mutu anaanguka kifafa ao moyo unapotea njia. Kwa mushipa, unga unachanganywa na maji safi ya sindano. Karto ni moja, unga ni ule ule, tofauti iko katika ampuli yenye ukubwa wa kidole. Nilienda na moto saa ine ya usiku kutafuta maji ya sindano. Bei yake ilikuwa kidogo sana, moto ndiyo iliniuzia bei.

Kama uko mulinzi wa mugonjwa, unaweza kuuliza bila kugombana: "Yaya, hii tunachanganya na nini?" Muuguzi muzuri hakasirike. Nimeuliza wengi, na mwenye alikasirika alikuwa mumoja tu.

Kisha kuna mwendo. Watu wanapenda dawa iingie mbio kusudi waende nyumbani. Hii inaingia polepole: kama inasukumwa na seringi, ni karibu dakika 3, kama inaingia kwa matone ndani ya serumu, ni karibu nusu saa. Wale watu wanaozungusha kagurudumu ka mupira kusudi serumu iishe kabla gari haijaondoka, waache. Kagurudumu ni ka muuguzi.

Na serumu yenyewe si zote. Serumu ya chumvi inafaa, serumu ya sukari ya 5% inafaa. Ringer haifai, hapana. Ringer iko na kalsiyumu ndani, na seftriaksoni ikikutana na kalsiyumu inashikana nayo, inafanya kama vichembe vya muchanga mwembamba. Katika watoto wachanga, vile vichembe vilikutwa mu mapafu na mu figo za waliokufa. Kwa mutu mukubwa wanaweza kupewa vyote viwili siku moja, lakini moja kisha ingine, na mupira usafishwe katikati na serumu ya chumvi. Kwa mutoto ambaye hajatimiza siku 28, kama anapewa kalsiyumu mu mushipa ao ataihitaji, seftriaksoni ni hapana, hata kwa masaa tofauti.

Juu ya watoto wachanga ninataka kukaa kidogo, kwa sababu simu moja haijatoka mu kichwa changu. Mama mumoja alipiga kisha emisio. Jamaa yake ilikuwa imehama, walikuwa wanalala kwa watu, wote katika chumba kimoja, na mutoto alikuwa na siku 9. Macho ya mutoto yalikuwa manjano, alikuwa amewaka homa na hakunyonya tena. Jirani alikuwa amemuletea "dokta" wa mutaa, mwenye mufuko mweusi, na yule alikuwa tayari amefungua kichupa. Mama akamwambia angoja, akapiga simu. Sijui kwa nini aliniamini mimi kuliko yule mwenye mufuko. Nilimwambia maneno mawili: usikubali, kimbia hospitali sasa hivi. Mutoto mwenye manjano hapewe seftriaksoni, kwa sababu inasukuma ile manjano ndani ya damu na inaweza kufika mu ubongo. Kwa homa ya mutoto muchanga, waganga wanaanza mara mingi na ampisilini pamoja na jentamisini, na wanapima kilo ya mutoto mbele ya kuhesabu. Alipiga tena kisha juma mbili. Sikusikia sana alichosema, mutoto alikuwa analia kwa nguvu karibu na telefone.

Wale "madokta" wa mufuko, sitaki kuwatukana wote. Kuna wengine walisoma, wakakosa kazi. Lakini mu ule mufuko mara mingi hamuna adrenalini. Na seftriaksoni, sawa penisilini, kuna watu ambao mwili wao unaikataa: ngozi inawasha, midomo na macho vinavimba, pumuzi inakatika, kwa dakika kidogo tu. Hapo adrenalini ndiyo inaokoa, na inapaswa kuwa karibu na kitanda, si kwenye farmasi ya barabara kubwa. Kwa hiyo, dawa ya kwanza, muipokee mahali penye watu na vyombo, na mukae karibu nusu saa mbele ya kurudi nyumbani. Na kama ulishaka kuvimba ao kuwashwa kwa penisilini ao kwa amoksisilini, sema mbele sindano haijaguswa. Usingoje waulize. Kule kwetu watu wanaona haya kukatiza dokta maneno.

Siku ya tatu, mukono wa mudogo wangu ulikuwa mwekundu pale kateteri iliingia, na moto ukiugusa. Alikuwa ananyamaza, eti asisumbue watu. Muuguzi aliiondoa na kuiweka kwenye mukono mwingine. Ikiuma, ikivimba, ikitoa maji, ikiwa nyekundu, ni ya kutoa, hata kama dawa haijaisha na hata kama mushipa ulikuwa wa shida kupata. Na musilowanishe ile plasta, musiifunike na kitambaa chafu, musiache watoto waichezee. Muuguzi anapaswa kunawa mikono ao kutumia alkoli mbele ya kuigusa. Maji mara mingi yanakosa kwenye mabomba yetu, ninajua. Tulikuwa tunaleta yetu katika bidon.

Seringi na sindano: mupya, mu karatasi yake, ifunguliwe mbele ya macho yenu, kwa mutu mumoja, mara moja. Hii si mambo ya wazungu ya usafi wa kupita kiasi. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, leo katika jimbo la Mongala, wauguzi walikuwa wanapewa seringi 5 kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa siku. Walikuwa wanazisuuza na maji ya moto katikati ya mugonjwa na mugonjwa. Watu walikuja kwa malaria na maumivu mengine, wakarudi na Ebola. Wagonjwa 318, waliokufa 280. Kichupa pia, kikifunguliwa ni cha mugonjwa mumoja; ile ya kugawanya kichupa kimoja kwa wagonjwa wawili kusudi franka zitoshe, nimeiona, na ninaelewa umasikini wake, lakini inavusha mikrobe.

Juu ya dawa za uongo nitasema haraka. Katika Ituri, kuanzia mwisho wa 2014 mpaka 2015, mamia ya watu walipindika shingo na uso, watu wakawaza ni menenjite. Ilikuwa vidonge vilivyoandikwa diazepam, na ndani kulikuwa dawa ingine kabisa, haloperidol. Kwa hiyo angalieni tarehe ya mwisho, angalieni kama kifuniko hakijatobolewa, musinunue kichupa kilichokaa juani kwenye meza. Unga ukichanganywa unakuwa maji ya manjano, hiyo ni kawaida. Ukiona vipande vinaogelea ndani, rudisheni. Na ikishachanganywa itumiwe mara moja, isingoje mpaka kesho.

Kitu kingine ambacho kinanichokesha: seftriaksoni kwa mafua. Kwa kuchoka kisha kushuka mu shimo la madini. Kwa malaria! Malaria haisikie seftriaksoni hata kidogo. OMS imeweka dawa hii katika kundi la zile za kuchunga, na kuna sababu. Mwaka 2019, watafiti wa INRB ya Kinshasa pamoja na wenzao wa Ubelgiji na Uingereza waliandika juu ya aina ya Salmonella iliyokutwa mu damu ya wagonjwa hapa Kongo, ambayo karibu antibiotiki zote za kawaida hazikuiweza tena, seftriaksoni ndani. Mikrobe kama ile haiulizi kama uko wa mine ao wa soko.

Tuliporudi nyumbani siku ya tano, homa ilikuwa imeshuka na mudogo wangu alikuwa anaomba bukari. Jirani mumoja akashauri tuache pale, tuuze vichupa vilivyobaki. Tulikuwa bado na 5. Tuliendelea kwenda kila asubuhi kwenye kituo cha afya mpaka siku ya 10, kama daktari aliandika. Mikrobe ya tifoide inaweza kujificha na kurudi, na kurudi kwake kunagharimu kupita moto wa asubuhi. Kama kisha dawa kuhara kunakuwa kukali, ao kuna damu ndani, ao tumbo linauma chini ya mbavu za kuume, murudi kuonyesha; musinywe dawa ya kufunga tumbo kwa akili yenu.

Kwa jamaa ambazo zimehama, wale walioondolewa mu nyumba kwa sababu ya mine, wale wanaongoja gari la moshi, wale waliotoka mbali na mizigo ya kichwa: shida yenu kubwa ni kwamba matunzo yanaanza mahali na yanaisha mahali pengine. Muombe kituo kiwaandikie kwenye karatasi, hata ya daftari: jina la dawa, ni gramu ngapi, mara ngapi kwa siku, ilianza tarehe gani, imebaki siku ngapi, kilo za mutoto, na kama kuna dawa ambayo mwili unakataa. Piga foto yake na telefone ya mutu yeyote. Ile ya mudogo wangu ilikuwa imefungwa mu plastiki ya mukate, mvua ilinyesha mara mbili juu yake na maandishi yanasomeka mpaka leo. Na sindano zilizotumiwa, muache muuguzi azitie mu karto yake ya sindano; musizibebe nyumbani, watoto wetu wanatembea bila viatu.