Wino Juu ya Shaba

Stima ilipopotea mwezi wa tatu, mayai ya Mama yaliharibikia ndani ya mashine ya kuangulia, ingawa mtambo wa Sondu Miriu, wa megawati 60, uko jirani. Nikaamua kutengeneza bodi ya kuhamishia joto kwenye betri. Nilifungua printa, nikaiinua ili bamba la shaba lipite. Wino wa kawaida ulijikusanya vitone kama maji juu ya jani la nduma. Wa pigimenti ulishika. Nikaupasha moto, nikatumbukiza bamba kwenye feriki kloraidi. Shaba tupu ikaliwa, iliyofunikwa ikabaki. Mstari mmoja ulikatika, nikaulehemu.

Usiku stima ikapotea tena. Tukasikia tik.

"Hiyo kitu imekubali?"

"Imekubali, Mama."

Hakusema lingine. Kiganja chake kilikuwa juu ya mayai.