Sakafu ya Gari Kuukuu

Kutu ni mlaji mvumilivu. Moto ukishika nyumba, majirani huona moshi wakaja na ndoo. Mto ukifurika, watu hupiga mbiu wakakimbilia mlimani. Kutu hula usiku na mchana bila moshi wala kelele, na aghalabu mwenye mali hupata habari zake wakati ambapo kimebaki kidogo cha kuliwa. Nataka kukueleza, msomaji, kazi ya fundi anayepambana na adui huyu chini ya gari kuukuu. Katika kazi hiyo limo jambo lifaalo kujulikana hata na mtu ambaye hatashika chombo cha kuchomelea maisha yake yote.

Tumjue kwanza adui mwenyewe. Hewa kavu haikidhuru chuma sana. Walakini maji na oksijeni vikikutana juu yake, chuma hugeuka kidogo kidogo kuwa unga mwekundu. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichouzaa, kwa hiyo huvimba, hupasuka na kubanduka, na kila gamba lianguapo huacha chuma kipya wazi ili nacho kiliwe. Aluminiamu ina bahati njema: tabaka lake la juu likisha kuchakaa hulinda la chini. Kutu haina wema huo. Chumvi nayo huongeza kasi ya kazi yake. Ndiyo sababu gari liishilo Mombasa, mahali ambapo hewa yenyewe ina ladha ya bahari, huliwa upesi kuliko lile la Nakuru.

Gari nitakalolisimulia lilikuwa Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Magari ya namna hii yalipata heshima kubwa katika nchi yetu. Yalishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, yakapita katika matope yaliyowashinda wakubwa zake. Kiwanda cha mwisho kilichoyatengeneza, huko Puebla nchini Meksiko, kilikoma mwezi wa Julai mwaka 2003, baada ya zaidi ya magari milioni 21 kutengenezwa ulimwenguni. Hayaundwi tena, basi kila moja linalokufa limepunguza hesabu, na kila moja linaloponywa ni ushindi mdogo wa binadamu juu ya wakati.

Nililikuta gari hilo Mombasa, katika karakana ya fundi mmoja wa jua kali niliyekuwa nikimsaidia. Kwa nje lilipendeza. Rangi yake ya samawati iling'aa, na vyuma vyake vya mbele na nyuma viliakisi uso wa mtu kama kioo. Mwenye gari, mzee wa makamo aliyekuwa akiwapeleka wajukuu zake shuleni kila asubuhi, alilalamikia jambo moja tu: wakati wa mvua zulia lililowa maji. Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Fundi aling'oa viti, akakunja zulia, nasi tukaona yaliyokuwamo.

Hapana budi nieleze umbo la gari hili kabla ya kuendelea. Katikati ya sakafu yake, kutoka mbele hadi nyuma, umepita mfereji mnene wa chuma uliofunikwa, ambao ni uti wa mgongo wake. Kulia na kushoto kwa uti huo yameunganishwa mabati mawili mapana, na hayo ndiyo sakafu. Viti vya mbele hukaa juu ya reli zilizoshikwa na sakafu na uti huo. Betri nayo hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Asidi ya betri ikivuja kwa miaka mingi, husaidiana na unyevu wa zulia, na pahali hapo ndipo sakafu hutoboka kwanza.

Tulichokiona kilikuwa kibaya kuliko tundu. Karakana fulani iliyolitengeneza gari hilo hapo nyuma ilikuwa imelaza bati la kuezekea nyumba juu ya sakafu iliyooza, ikalipigilia kwa ribiti, ikaipaka lami kazi yote, kisha ikatandika zulia. Lami ile haikuzuia maji kuingia. Ilizuia maji kutoka. Katikati ya bati jipya na chuma cha kale, kutu ilikuwa imepewa chumba chenye giza na unyevu, ikafanya kazi yake bila kusumbuliwa. Fundi alipotia bisibisi chini ya reli ya kiti cha abiria, ilizama hadi mpini. Kiti ambacho mtoto alikikalia kila asubuhi kilishikiliwa na lami.

Mzee alipoitwa alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Fundi, siwezi kugharimia sakafu nzima. Nitilie kiraka kingine kidogo, nipate kufika mwisho wa mwaka." Ombi lake halikuwa la ujinga, lilitoka katika mfuko wa mtu mwenye wategemezi. Fundi alimjibu kwa adabu, "Mzee wangu, kiraka huhitaji kitambaa kizima cha kushonewa. Hapa nikishona, sindano itapita katika majivu. Chukua gari lako bure leo, ama uniachie nikate, na malipo unipe kidogo kidogo. Lakini wajukuu wasilipande lilivyo." Mzee akaliacha.

Kazi ilianza kwa kugonga. Fundi alichukua nyundo ndogo akaipitisha kila mahali, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hunung'unika. Kila aliposikia manung'uniko alichora kwa chaki, na mstari wa chaki ukazidi kutanuka kila upande, hata ikadhihirika kuwa mabati yote mawili hayafai. Uti wa mgongo pekee ndio uliokuwa mzima. Tulifunga vyuma katika nafasi za milango ili bodi isipinde, tukafungua bolti nyingi ziizungukazo sakafu, kisha watu sita tukainyanyua bodi kwa mikono tukaiweka juu ya magogo.

Hapo ndipo penye hatari ambayo mtu mwenye pupa haioni. Katika Volkswagen hii tangi la mafuta liko mbele na injini iko nyuma. Bomba la petroli hupita ndani ya uti wa mgongo, mahali pale pale ambapo cheche zitarukia. Fundi hakuwasha kitu mpaka tangi lilipopelekwa mbali, bomba likamwagwa na kupulizwa hewa hadi likakauka, na ncha zake zote mbili zikazibwa. Kando yetu palikuwa na ndoo ya mchanga na chombo cha kuzimia moto, na kijana mmoja alipewa kazi ya kutazama tu. Kutazama tu ni kazi, msomaji, na siku ya ajali ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

Mabati ya kale yalitolewa kwa kutoboa vile vituo vidogo vilivyoyashika kiwandani, kimoja baada ya kimoja, pasipo kuuumiza uti. Ukingo wake ulisuguliwa kwa grenda na brashi ya nyaya mpaka chuma cheupe kikaonekana. Sakafu mpya ilitengenezwa kwa bati la chuma kitupu. Fundi hakutaka bati la kuezekea, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake hutoa moshi ikiunguzwa, na moshi huo humpa mchomeleaji homa. Kwanza alikata kiolezo cha karatasi ngumu, akakipima mara tatu, ndipo akakata chuma mara moja.

Kisha ukaja moto wenyewe. Chuma huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,538, na bati la unene wa milimita moja hufika huko kwa kufumba na kufumbua. Moto ukizidi, bati hutoboka. Ukipungua, waya huganda juu kama nta bila kushika. Tena chuma hutanuka kikipashwa moto na hunywea kikipoa, hata anayechoma mstari mrefu kwa mkupuo huona sakafu yake ikijikunja kama jani kavu. Kwa hiyo fundi alichoma nukta moja hapa, nukta nyingine mbali huko, akangoja, akagusa kwa kiganja, ndipo akarudi. Mimi nilishika bati kwa koleo nikiwa nimevaa kinyago, kwani mwanga wa kazi hiyo huunguza macho, na maumivu yake huja usiku, kama mchanga uliomwagwa chini ya kope. Kazi ya kuchomelea peke yake ilituchukua siku tatu.

Mwisho kila kiungo kilisuguliwa, kikapakwa rangi ya kuzuia kutu juu na chini, na mianya ikazibwa ili maji yasipate pa kulala. Bodi ilipoteremshwa na zulia kutandikwa, kazi yote ilitoweka machoni. Mzee alipokuja kulichukua gari lake alizunguka akaona lile lile alilolileta. Fundi alimwinulia zulia pembe moja, akamwambia akanyage kwa nguvu. Akakanyaga, na sakafu ikalia.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Kazi ya mtu ina sehemu mbili: ile inayoonwa, ambayo hulipwa sifa, na ile inayofunikwa, ambayo hubeba watu. Aliyepaka lami hakukosa ustadi wa mikono. Alikosa kumwona yule atakayekalia kiti. Nawe unayesoma una sakafu yako. Pengine ni hesabu ya sehemu usiyoielewa tangu darasa la tano, ambayo umekuwa ukiifunika kwa majibu ya kukariri. Kikulacho ki nguoni mwako. Lisilofahamika likifunikwa halitulii. Huendelea kula hata siku ya mtihani, au siku iliyo nzito kuliko mtihani, kiti kizame. Gonga usikilize. Panaponung'unika, kata mpaka ukutane na chuma kizima, ijapokuwa tundu litaonekana kubwa kuliko ulivyotazamia na gharama itauma. Tundu kubwa lenye kingo nzima hupokea moto na kushika. Kiraka juu ya kutu ni kutu iliyovikwa nguo.