Mashine iko mzima, kahawa ndiyo mgonjwa

BUKAVU – Katika nyumba moja ya kartiye Nguba, komini ya Ibanda, mashine ndogo ya kahawa ilikuwa karibu iuzwe. Binti wa nyumba hiyo, anayeishi Ubelgiji, aliituma miaka miwili iliyopita ili wazazi wake wanywe espreso kama ile aliyoizoea huko. Lakini kila kikombe kilitoka kichachu na chepesi, kama maji ya kusuuzia sufuria. Mwaka 2025, benki za mji zilipofungwa na pesa ikawa ngumu, kitinda mimba wa nyumba alisema afadhali mashine ipelekwe Nyawera, irudi ikiwa unga.

Mama yake akakataa. Zawadi ya mtoto haiuzwi. Mashine ikabaki juu ya kabati, na ugomvi ukabaki mezani.

Ndani ya nyumba hiyo kuna mgeni. Ni mama wa milima iliyo juu ya Minova, teritware ya Kalehe, aliyekimbia na wajukuu wawili vita vilipofika kwao mwezi wa kwanza. Familia ilimpa chumba kimoja. Kama wahami wengi wanaopokelewa na watu, hapendi kuonekana amekaa bure. Anafagia, anachota maji, anaongea kidogo. Siku moja alimkuta kijana akiipiga mashine kwa kiganja. Akakichukua kikombe, akakinusa.

"Mashine iko mzima, mtoto wangu," akasema. "Kahawa ndiyo iko mgonjwa."

Kijana alicheka. Yeye alikuwa ametazama video nyingi kwenye simu. Alijua kwamba espreso ni maji ya moto yanayosukumwa kwa nguvu, karibu mara tisa ya uzito wa hewa, yakipita kwenye kahawa iliyosagwa laini. Alijua hata kipimo: gramu 18 za unga, gramu 36 za kahawa kikombeni, sekunde 25 hadi 30. Ila kwake maji yalipita kwa sekunde nane.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza mama huyo alifanya kazi gani kwao. Alichuma kahawa tangu utoto. Anakumbuka miaka ambayo kahawa ya Minova ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, kwa sababu hapa hapakuwa na wa kuinunua kwa bei ya maana. Wengi walizama ziwani, na kaka yake mkubwa ni mmoja wao. Baadaye, mwaka 2003, koperative ya SOPACDI ilianzishwa Minova, na wakulima wakapata pa kuuzia kwao wenyewe. Lakini kahawa ya miti yake mwenyewe hajawahi kuinywa. "Kahawa ilikuwa ya minervali na ya mabati," anasema. "Sisi tulikunywa chai."

Na si yeye tu. Arabika ya kando ya Ziwa Kivu inanywewa Ulaya na Marekani, inasifiwa na kulipiwa bei nzuri, halafu hapa Bukavu mgeni anapewa unga wa kopo uliotoka ng'ambo. Inauma kidogo.

Pakiti iliyokuwa jikoni ilinunuliwa ikiwa imesagwa tayari, haijulikani lini. Ilisagwa kwa ajili ya kuchemshwa kwenye sufuria, chenga kubwa kubwa, ndiyo maana maji yalikimbia. Na ilikuwa imekwisha harufu. Mama akaomba wanunue kilo moja ya kahawa mbichi isiyokaangwa. Ilipofika aliimwaga kwenye ungo na kukaa nayo asubuhi nzima. Alitoa zilizovunjika, nyeusi, zilizotobolewa na wadudu. Wajukuu walimsaidia. Kijana alidhani anapoteza wakati, mpaka akaelezwa habari ya kiazi.

Kila mkulima wa kahawa wa huku anaijua. Kuna mdudu anayeitwa antestia, anatoboa tunda likiwa mtini, na baadhi ya punje alizozigusa hutoa harufu na ladha ya kiazi kibichi. Si kila mara jicho linaiona. Punje moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima. Kwa hiyo anayesaga nyumbani asisage ya wiki nzima. Asage ya kikombe kimoja, anuse. Ikinuka kiazi, aimwage hiyo, apanguse kinu, asage nyingine. Hasara ni gramu 18, si kilo.

Walikaanga kwenye kikaango juu ya mbabula, moto wa makala wa wastani, mwiko haupumziki. Baada ya dakika kama kumi punje zikaanza kupasuka kwa sauti, na hazikungoja kuwa nyeusi. Mama alizimwaga kwenye ungo na kuzipepeta zipoe upesi na maganda yaruke. Kijana alitaka kuonja usiku ule ule. Mashine ikatoa povu jingi na kahawa kali isiyo na mwili. Kumbe kahawa iliyotoka motoni ina gesi ndani yake. Kwa espreso ni vema ipumzike siku tano au wiki, kwenye kopo lenye kifuniko.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mikono ya kijana: kusaga laini zaidi, kusawazisha unga kwenye kichujio, kushindilia bila kuinamisha upande. Alikuwa akiumwaga unga kama mlima, upande mmoja mrefu, upande mwingine tupu. Mama alitazama maji yakitoka kwa mchirizi mmoja mweupe, akaelewa mara moja. Ndivyo mvua inavyofanya kwenye shamba la mlimani lisilo na mitaro. "Maji iko na uvivu," alisema. "Inatafuta njia ya karibu, inaacha udongo mwingine mukavu." Kahawa ikitoka chachu na ya haraka, saga laini. Ikitoka chungu na ya kudondoka tone tone, saga kubwa kidogo.

Nyumba zisizo na mashine, na ndizo nyingi, hazikosi kitu kikubwa. Kuchagua, kukaanga na kusaga ni kule kule, kisha kitambaa safi na birika. Na hapa tuna bahati ya mlima: Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, joto ambalo kahawa inalitaka. Hakuna haja ya kungoja yapoe kama wanavyofundisha kwenye video.

Mashine yenyewe inakula umeme kama pasi, na umeme wa mji huja unapotaka. Kwa hiyo kahawa ya nyumba hiyo hunywewa saa za ajabu.

Wiki iliyopita jirani wa mama alifika kwa boti kutoka Minova na mfuko mdogo wa kahawa parche, karibu kilo mbili. Alisema imetoka kwenye miti ya mama. Mavuno mengi yalianguka chini, hakukuwa na mikono. Nyumba mlango umefungwa, bati liko. Mama aliuliza habari za kila mti wa mpakani kama anayeuliza habari za watoto, kisha akaenda kutwanga ganda kwenye kinu cha sombe, polepole, asivunje punje.

Umeme ulirudi saa nane ya usiku. Kijana aligonga mlango wa chumba chake. Sekunde 34, povu la rangi ya asali. Mama alionja kahawa ya shamba lake kwa mara ya kwanza, akanyamaza, akaonja tena.

"Iko na uchungu kidogo," akasema. "Saga kubwa kidogo, kabla hawajakata."

Kijana akarudi kwenye kinu.