Afadhali ya Juzi

Joseph Kabila alikuja Nairobi Oktoba 2025, wiki mbili hivi baada ya mahakama ya kijeshi ya Kinshasa kumhukumu kifo. Akaketi na wanasiasa wengine wa upinzani, wakatangaza vuguvugu lao jipya la kuiokoa RDC, wakapiga picha. Hakuna aliyemgusa. Mji huu umezoea mambo haya. Desemba 2023 Corneille Nangaa naye alikaa kwenye hoteli moja ya kifahari hapa hapa akatangaza AFC, muungano ambao ndani yake M23 ndiyo yenye bunduki. Kinshasa ilikasirika ikamwita balozi wake nyumbani. Jibu la Rais Ruto lilikuwa kwamba Kenya ni nchi ya demokrasia, haikamati mtu kwa kutoa taarifa. Desemba iliyofuata vijana wa mji huu huu walitekwa kwa sababu ya vikaragosi na picha za kivuli za rais huyo huyo. Hilo nitaliacha hapo, si la leo.

La leo ni Kabila, na kinyozi wangu anayetaka arudi.

Kinyozi wangu ni mtu wa Bukavu. Ameninyoa tangu 2021. Humwita yaya, kwa sababu kwao yaya ni kaka au dada aliyekutangulia, na kila ninapoliita jina hilo wateja Wakenya hugeuka kutazama, maana kwetu yaya ni mtu wa kulea watoto. Yeye huniita petit. Januari 2015 alikuwa mwanafunzi. Serikali ya Kabila ilikuwa imepeleka bungeni mswada wa uchaguzi uliotaka sensa ifanywe kabla ya watu kupiga kura, katika nchi ambayo haijahesabu watu wake tangu 1984. Kila mtu aliielewa hesabu hiyo. Sensa ingekula miaka, na miaka hiyo mzee angeendelea kukaa. Vijana wakaingia barabarani Kinshasa, Goma, Bukavu. Neno lao lilikuwa la Kilingala, telema, yaani simama. Serikali ikazima intaneti. Makumi ya watu wakauawa, wengi wao Kinshasa, na mwishowe Seneti ikakitoa kile kifungu. Kinyozi wangu alitoka na alama nyuma ya sikio la kushoto, rungu la polisi. Huionyesha hata asipoulizwa.

Mtu huyu ndiye aliyeniambia, mashine ikiwa kichwani mwangu, wiki ile Kabila alipokuwa hapa: "Petit, Raïs arudi tu."

Raïs. Ndivyo wafuasi wake wanavyomwita, kwa nukta mbili za Kifaransa juu ya i. Nchini mwetu rais ni cheo, ukitoka unaongezewa "mstaafu" na unalipwa pensheni. Kwao neno limegandana na mtu kama jina la ubatizo. Alikabidhi madaraka Januari 2019 lakini jina hakukabidhi.

"Lakini yaya, si alikupiga?"

"Alinipiga. Njo kweli. Lakini mama yangu alikuwa analala."

Mama yake bado yuko Bukavu. Mji ulichukuliwa na M23 katikati ya Februari 2025, wiki chache baada ya Goma. Benki zikafungwa. Pesa anazomtumia sasa hupita kwa mtu anayemjua mtu, na kila anayezishika anamega kidogo. "Alikuwa anaiba, ndiyo," akaendelea. "Na huyu wa leo haibi? Huyu anaiba na vita iko juu."

Nilinyamaza. Mtu akikuambia mama yake halali, huwezi kumjibu kwa mswada wa 2015.

Lakini nilipofika nyumbani niliendelea kubishana naye peke yangu, na hii makala ndiyo sehemu ya ubishi ule.

Nianze kwa kumpa Kabila haki yake. Alipewa nchi Januari 2001 akiwa na miaka 29, baba yake ameuawa siku chache kabla, majeshi ya nchi jirani yamejaa ndani. Katika miaka iliyofuata makubaliano yalitiwa saini, majeshi yale yakaondoka rasmi, na 2006 Wakongo wakapiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miongo minne. Mashariki ilimpa kura kwa wingi. Alikuwa mtu wa Kiswahili, amekulia Tanzania, na huko Kinshasa wapinzani walimcheka kwa kutojua Kilingala, wengine wakasema si Mkongo kabisa. Kejeli hiyo imefufuliwa siku hizi na siipendi. Mtu akishindwa kukuuliza ulichofanya, anakuuliza ulikozaliwa.

Muhula wake wa pili na wa mwisho uliisha Desemba 2016. Hakutoka. Wakongo waliita jambo hilo kuteleza, kwa Kifaransa glissement, na sijawahi kusikia neno la siasa lililo sahihi kuliko hilo: hakuna mapinduzi, hakuna tangazo, kiti kinateleza tu mbele ya kalenda. Aliteleza miaka miwili. Kanisa Katoliki liliandamana na waumini waliuawa wakitoka misani. Huko Kasai makaburi ya halaiki yalikuwa yakifukuliwa.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2018. Mwenyekiti wa tume alikuwa nani? Corneille Nangaa. Kanisa, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, lilisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na yale liliyokusanya. Martin Fayulu alisema ameibiwa. Félix Tshisekedi akaapishwa, Kabila akamvalisha ukanda wa madaraka, dunia ikapiga makofi kwa ukabidhianaji wa kwanza wa amani katika historia ya nchi hiyo. Miaka baadaye, Nangaa alipokosana na Tshisekedi, alidai kwamba kulikuwa na mkataba wa siri kati ya anayetoka na anayeingia. Upande wa Tshisekedi umekana. Kisichokanika ni kwamba walitawala pamoja hadi mwisho wa 2020, Kabila akiwa na wabunge wengi na Tshisekedi akiwa na ikulu.

Sasa tazama mambo yalivyogeuka. Kabila aliondoka nchini 2023, watu wake wakasema amekwenda Afrika Kusini kusoma. (Mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu nilimwonea wivu kidogo.) Oktoba 2024 Tshisekedi alisimama Kisangani akasema nchi inahitaji katiba mpya, na watu wakaanza kunusa muhula wa tatu. Mei 2025 Kabila akarudi kwenye skrini kwa hotuba ndefu, akamwita mwenzake dikteta na kujitokeza kama mtetezi wa katiba. Mtu aliyeteleza miaka miwili! Siku chache baadaye alikuwa Goma, mji uliokuwa mikononi mwa M23, akikutana na viongozi wa dini. Ni M23 ile ile iliyouteka mji huo huo Novemba 2012, yeye akiwa rais, na ambayo jina lake linatokana na makubaliano ya Machi 23, 2009, yaliyotiwa saini na serikali yake mwenyewe.

Ungedhani mtu mwenye rekodi kama hiyo angezikwa na maswali tu. Kinshasa ikachagua njia nyingine. Katiba ya Kongo humfanya rais wa zamani aliyechaguliwa kuwa seneta wa maisha, kwa hiyo kwanza ilibidi avuliwe kinga. Maseneta 88 wakapiga kura ya ndiyo. Septemba 30 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikamhukumu kifo kwa uhaini, uhalifu wa kivita na kushiriki uasi, ikaongeza fidia ya mabilioni ya dola. Hakuwapo mahakamani, na hakuwa na wakili. Yeye amekana tuhuma hizo.

Mimi nilikaa na orodha ya mashtaka yale nikitafuta yale ya kinyozi wangu. Hayamo. Hakuhukumiwa kwa Januari 2015, wala kwa waumini wa 2018, wala kwa Kasai. Hakuulizwa juu ya uchunguzi wa waandishi na mashirika uliotoka 2021 kwa jina la Congo Hold-Up, uliodai kwamba angalau dola milioni 138 za umma zilipitia benki kwenda kwa familia na watu wake wa karibu. Yote aliyohukumiwa yanahusu M23, yaani yanahusu ugomvi wake na rais aliye madarakani. Na sidhani ni bahati mbaya. Ukianza kumuuliza Kabila juu ya 2018, swali la pili litakuwa la Tshisekedi.

Ndiyo maana hukumu ile haikumfundisha kinyozi wangu lolote. Kwake ilikuwa mtu mwenye nguvu akimpiga mtu aliyekuwa na nguvu, na katika ugomvi wa namna hiyo mtu wa kawaida huwa upande wa yule anayepigwa. Tshisekedi alimtafutia Kabila kitu ambacho Kabila hakuwahi kuwa nacho katika miaka 18: huruma.

Najua nazungumza nikiwa mbali, na sisi Wakenya tuna tabia ya kuitazama Kongo kama sinema. Kwa hiyo nirudi nyumbani kidogo. Mama yangu hukumbuka maziwa ya Nyayo, pakiti zile za pembetatu walizokunywa shuleni, na hukumbuka kwa uso unaong'aa. Moi alipofariki Februari 2020 watu walipanga foleni kumwaga. Vyumba vya mateso vya Nyayo House viko mjini hapo hapo, dakika chache kwa miguu kutoka bungeni walikopanga foleni. Mama anayajua yote mawili na hayamsumbui kukaa pamoja.

Nasi, rika langu, tuna maziwa yetu. Baada ya Juni 25, 2024, baada ya risasi na majeneza, nimeisikia kwenye matatu, kwenye baa, kwenye grupu za WhatsApp za watu waliosoma kunishinda: afadhali Uhuru. Naisikia hata kifuani mwangu ninapolipia unga. Katiba haimruhusu kugombea tena na sijasikia akiomba. Lakini Agosti 2017, yeye akiwa rais, polisi waliingia nyumba za watu Kisumu baada ya uchaguzi na mtoto wa miezi sita akafa kwa kipigo. Deni la reli bado tunalilipa. Neno "afadhali" halisemi uongo juu ya leo. Leo ni mbaya kweli. Linachofanya ni kuifuta juzi, na mtu wa juzi analijua hilo kuliko sisi. Hana haja ya kubadilika. Anangoja tu.

Na anayengoja ana muda upande wake. Kijana aliyekuwa na miaka minane mwaka wa ile intaneti kuzimwa leo ni mpiga kura. Huyo utamwambia "unakumbuka?" akumbuke nini?

Nilimwambia kinyozi mambo haya, si yote, kipande kipande, kwa muda wa mwezi mmoja na nusu. Hakubadilisha msimamo. Alisema mimi nina historia na yeye ana mama. Sikuwa na jibu la hilo pia.

Aliyemjibu ni mama mmoja wa vitenge anayepita pale na mzigo wake Jumamosi. Ni mtu wa Beni. Mauaji ya kwao yalianza Oktoba 2014, usiku, mapanga na mashoka, Kabila akiwa rais, na hayajaisha hadi leo. "Siye hatukulala hata wakati yake," alimwambia, bila kupandisha sauti, akikunja kitenge. Kinyozi akazima mashine.

Akatusimulia Desemba 2018. Siku nne kabla ya kura, tume ya Nangaa ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na wengine. Sababu ikatajwa Ebola na usalama. Wangepiga Machi, wakati rais angekuwa ameshaapishwa Januari. Zaidi ya watu milioni moja, ukijumlisha na Yumbi kule magharibi, waliambiwa wasubiri kitu kilichokwisha. Eneo lenyewe lilijulikana kuwa la upinzani.

Watu wa Beni walifanya nini? Jumapili ile ya Desemba 30 waliamka wakajipangia kura yao wenyewe. Karatasi, masanduku, foleni ndefu. Wakaosha mikono kabla ya kupiga kura, ili asiwepo wa kusema kwamba Ebola ndiyo iliyowazuia. Walijua haitahesabiwa na yeyote.

"Nawe mama ulipiga?" nikamuuliza.

"Nilipigaka. Nilisimama kwa mustari tangu asubui, na mutoto mugongoni."

"Ulimpigia nani?"

Alinitazama kama mtu asiye na adabu, akaufunga mzigo wake.

"Kura ni ya siri, mwana wangu."