Deki ya Mama Haikuwa na Kosa

Nilimdanganya mteja. Aliporudi na DVD ya harusi ya bintiye, akilalamika kuwa picha inakatika vipande vipande, nilimwambia ubovu uko kwenye deki yake. Deki yake ilikuwa nzima. Aliyeharibu ni mimi.

Harusi ile, hapa Dar es Salaam, niliipiga kwa kamera ya MiniDV. Kuihamishia kwenye kompyuta, kila saa moja ya mkanda ilikula kama gigabaiti 13, na diski yangu ilikuwa karibu kujaa. Nikaona niligeuze faili lote kuwa DivX ili linywee. Likanywea kweli, na kwa haraka niliyokuwa nayo sikuona tofauti yoyote. Nikafuta faili la mwanzo. Mikanda nayo nikaiingiza kwenye kamera na kurekodia kazi nyingine.

Lakini DVD haili DivX, inataka MPEG-2. Ikabidi nigeuze tena. Kila ugeuzaji wa aina hii hutupa sehemu ya picha ili faili lipungue, na kilichotupwa hakirudi. Mimi nilidhani kinarudi: nikapandisha kiwango hadi megabiti 8 kwa sekunde, nikiamini picha itatakata. Faili likanenepa tu, kasoro zote za DivX zikiwa ndani yake.

Bibi harusi alikuwa amechorwa hina hadi kwenye viwiko, maua membamba kama uzi. Kwenye DVD maua yale ni doa la kahawia. Shangazi zake wakianza kucheza, nyuso zinageuka miraba.

Na njia ilikuwepo, tena fupi: kutoka DV moja kwa moja hadi MPEG-2, mara moja tu, kwa vipimo vilevile vya PAL, 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. DVD ya gigabaiti 4.7 hubeba saa nzima kwa megabiti 8 hizohizo bila taabu. Harusi ikizidi hapo, unaigawa kwenye DVD mbili. Mimi nilibania nafasi ya diski, nikapoteza harusi ya mtu.

Baadaye nilimfuata mama yule nyumbani kwake, nikamweleza yote, pamoja na ule uongo wa deki.

“Sasa mwanangu, na ile mikanda?”

Nikamwambia nimeshairekodia juu. Fedha yake nilimrudishia yote.